Mau, Mawingu na Ndege za Vita: Kutoka Nakuru Hadi Kisumu

Jumatatu, Nakuru

Makaburi ya zamani ya Nakuru, upande wa kaskazini wa mji, yana sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Kwanza unakutana na ya walowezi: misalaba imeinama, maandishi yameliwa na kuvu, mizizi imeinua saruji. Kisha zinafuata safu za mawe meupe, yote kimo kimoja, nyasi zimefyekwa. Haya yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mengi yamechongwa ndege aliyekunjua mabawa chini ya taji, nembo ya jeshi la anga la Uingereza, na chini ya nembo jina, cheo, tarehe na umri. Miaka ishirini. Ishirini na mmoja. Ishirini na mitatu. Jiwe linataja siku, halitaji sababu.

Nimekuja na binamu yangu Wekesa, fundi wa magari kule Kaptembwa, mtaa wa hapa Nakuru, ambaye gari lake ndilo tutakalosafiria. Alisoma mawe matatu manne, akanigeukia.

"Mwalimu, hapa Nakuru kulipiganwa vita gani?"

Hakuna. Ilikuwa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1940 Waitaliano waliokuwa wakiitawala Ethiopia waliichukua Moyale, wakaangusha mabomu Wajir na hata Malindi, lakini Nakuru haikusikia risasi. Vijana hawa walikuwa wanafunzi. Mwaka 1941 Waingereza walihamishia hapa kikosi chao cha 70 cha mafunzo ya urubani wa vita kutoka Ismailia, Misri, ili kiwe mbali na Wajerumani. Kikosi kingine cha namna hiyo, cha 72, kilikuja kukaa Nanyuki. Waliofika Nakuru tayari walijua kurusha ndege. Walichofundishwa hapa ni kuendesha ndege ya kuangusha mabomu wakiwa kundi: rubani, mwelekezi wa njia, na mwenye bunduki ambaye pia ndiye aliyeshika redio. Wakishahitimu, wanapelekwa jangwani, Afrika Kaskazini, kupambana na Rommel, jenerali wa Wajerumani.

Wengi wetu hudhani rubani wa vita huuawa na adui. Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza peke yake, watu zaidi ya 5,000 walikufa mazoezini, kabla hawajamwona adui. Nakuru ni tawi dogo la hesabu hiyo, ila lina jambo ambalo viwanja vya mazoezi vya Uingereza havikuwa nalo: huku ardhi yenyewe imesimama wima pande zote.

Wekesa hakuridhika. Alitaka kujua ni nini hasa kiliwaangusha. Nikamwambia hilo tutaliona barabarani kuliko hapa makaburini.

Jumanne, Menengai

Tulipanda mapema, kabla ya watalii na wauza asali. Ukingo wa Menengai una kimo cha mita 2,278. Shimo lake, ambalo ni volkeno iliyojiporomokea, ni refu kama kilomita 12 kutoka upande hadi upande, na chini kabisa mvuke wa visima vya jotoardhi ulikuwa unapanda mweupe. Watu wengi hupiga picha ya shimo na kuondoka. Sisi tuliligeuzia shimo mgongo na kuangalia mji.

Ukisimama hapo ukageuka polepole unaona jinsi Nakuru ilivyofungiwa. Mji uko mita 1,850 hivi, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Mashariki ni ukuta wa Bahati, na nyuma yake Nyandarua inayofika karibu mita 4,000. Magharibi ni Mau, ukuta mrefu wa kijani uliolala kutoka kusini hadi kaskazini, na sehemu nyingi zake zinakaribia mita 3,000. Kaskazini ni hili lishimo tulilosimamia. Rubani akiruka kutoka Nakuru ana mlango mmoja tu wa wazi, nao ni kulifuata bonde lenyewe.

Wekesa ana maoni yake kuhusu injini. Anasema lori za zamani zenye kabureta zilikuwa zikifika Timboroa, kule juu milimani, zinakohoa kama mvutaji sigara, zikitoa moshi mweusi, kwa sababu mafuta ni yale yale lakini hewa imepungua. Ni kweli. Kwa joto la mchana la Nakuru, nyuzi ishirini na saba hivi, hewa ina uzito wa karibu robo tatu tu ya ile ya Mombasa kwenye hesabu ya kawaida ya usawa wa bahari. Lakini ndege waliyotumia, Bristol Blenheim, ilikuwa na injini mbili aina ya Mercury zilizofungwa kipulizia cha kuzisukumia hewa ya ziada. Injini ilisaidiwa.

"Basi shida iko wapi?"

Mabawa hayakuwa na wa kuyasaidia. Bawa hubebwa na hewa, na hewa ikiwa nyepesi ndege lazima ikimbie zaidi ndipo iinuke. Njia ya kurukia inayotosha Uingereza huku inakuwa fupi. Ndege ikishainuka, inapanda kwa uvivu. Injini moja ikizimika wakati huo, na tani sita za chuma na petroli ziko juu ya miti, ile ya pili haiwezi kufanya miujiza.

Nilimweleza pia jambo lililomchukiza kama fundi. Kwenye Blenheim, vishikio vya kubadilisha pembe ya mapanga ya propela vilikuwa nyuma ya kiti cha rubani, upande wa kushoto, na karibu navyo kulikuwa na vishikio vya kukata mafuta ya kabureta. Rubani alivitafuta kwa kupapasa, macho yako mbele. Kijana wa miaka ishirini, jasho linamtoka, anapapasa nyuma yake atafute cha kuipa ndege nguvu, anavuta cha kuizima.

Wekesa alitikisa kichwa. "Aliyechora hiyo ndege hakuwahi kuiendesha."

Jumatano, Gilgil

Safari fupi, kilomita arobaini na kidogo, na lori nyingi mno. Makaburi ya vita ya Gilgil ni tulivu na yametunzwa kuliko bustani yoyote ya umma ninayoijua katika kaunti yetu. Mtunzaji alitukaribisha, tukatia sahihi kitabu cha wageni, tukazunguka.

Gilgil wakati wa vita ilikuwa mji wa majeshi, na mateka wa Kiitaliano walikuwa wametapakaa bonde zima. Ndio waliojenga lile kanisa dogo linaloonekana ukiteremka kwenda Mai Mahiu, mwaka 1942. Baada ya vita, kuanzia 1947, Waingereza walitumia kambi ya Gilgil kuwafungia Wayahudi waliokuwa wakipigana nao Palestina. Mji mdogo umeona mengi.

Nilichokitafuta kilikuwa kingine. Tume hii inajua namba ya jeshi ya kila mtu aliyelala hapa. Mwaka 1914 hadi 1918, maelfu ya wapagazi wetu walikufa wakibeba mizigo kuelekea Tanganyika, na hawakupewa jiwe wala orodha. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mtunzaji alisema wageni wakati mwingine humwuliza habari hizo, naye huwaonyesha alichopewa kutunza. Jibu la haki kabisa.

Tulikula nyama choma njiani tukarudi kulala Nakuru.

Alhamisi, Molo hadi Londiani

Barabara inayopanda kutoka Nakuru kupitia Salgaa ina sifa mbaya, na sitaongeza langu. Ukipita Salgaa baridi inaanza kuingia dirishani. Molo walikuwa wanauza viazi kwa gunia na kwa ndoo, tukanunua ndoo ya kupelekea wenyeji wetu. Mau Summit, mahali reli ya Kisumu inapovuka mgongo wa Mau kwa kimo kinachozidi mita 2,500, mvua ilitukuta, wipa moja haifanyi kazi, na Wekesa, fundi wa watu, akawa anafuta kioo kwa kitambaa mkono ukiwa nje. Nilinyamaza. Mtu hutengeneza ya wengine kwanza.

Hapo ndipo niliposimamisha gari kidogo ili tuhesabu. Nakuru hadi Londiani kwa mstari ulionyooka ni kilomita hamsini na kitu. Blenheim ikisafiri mwendo wa kawaida, kilomita 320 kwa saa, inafika kwa dakika kumi. Sisi tulikuwa tumetumia saa mbili na tulikuwa tumeona kila kilima kikija. Rubani ametoka uwanjani kukiwa na jua, wingu liko juu sana, anakwenda chini yake kwa raha. Saa yake ya kupima kimo inamwambia yuko mita 2,500. Anaridhika, kwa sababu alipoondoka ilisoma 1,850, kwa hiyo kuna mita mia sita na zaidi chini yake. Lakini saa hiyo inapima kutoka usawa wa bahari, haijui chochote kuhusu Mau. Ardhi inapanda kumfuata, wingu halipandi. Dakika ya nane au ya tisa, vile viwili vinakutana.

Akigeuka haraka, anapona. Akijiambia kwamba ng'ambo ya wingu kuna bonde la Nyando na ziwa, na ni kweli lipo, anaingia.

Londiani tulifikia kwa familia ya mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuoni. "Chamgei!" "Chamgei mising!" Chai ya maziwa, mahindi ya kuchoma, na baadaye mursik, maziwa yaliyochachuka, kwenye kibuyu, ambayo Wekesa aliinywa kwa ujasiri wa mtu anayetazamwa. Mji wenyewe ni wa reli na misitu. Kuna chuo cha misitu, kuna mashine za kupasulia mbao, na wakati wa vita kulikuwa na kambi ya mateka wa Kiitaliano. Jioni baba wa mwenyeji wetu alikaribia moto. Yeye alizaliwa baada ya vita. Anayoyasimulia aliyasikia kwa baba yake, aliyekuwa kibarua wa msituni.

Nilimsalimu, nikamwuliza kama baba yake aliwahi kutaja ndege.

"Ndege? Mara nyingi. Alikuwa akisema kilio chake kilikuwa ndani ya wingu. Wanausikia mngurumo hapa, kisha kule, kisha hapa tena. Inazunguka. Mama mmoja akasema huyo anatafuta mlango. Halafu ikanyamaza."

Akaeleza jinsi mnyapara alivyowakusanya vibarua na mapanga. Hapakuwa na njia, ilibidi waikate ndani ya mianzi. Walifika kesho yake. Miti ilikuwa imekatwa vichwa kwa mstari mmoja, na harufu ya petroli ilitangulia kabla ya kitu chochote kuonekana. Walitengeneza machela za mianzi, wakazifunga kwa kamba za mizabibu ya msitu, wakawateremsha marehemu hadi relini. Mvua njia nzima, na Mzungu wa misitu akienda mbele amevua kofia.

"Walikuwa wangapi, mzee?"

"Baba alisema watatu. Wengine wa hapa watakwambia wawili."

Blenheim ilibeba watatu. Nililiandika hilo pembeni ya daftari, kama simulizi ya nyumba moja, si kama ushahidi wa mahakama.

"Na vyuma?"

Mzee alicheka. Vyuma havikukaa. Bati la ndege ni jepesi, halishiki kutu, linakunjika vizuri. Lilifanya kazi ya vifuniko, vikombe, vidani vya masikio. Nyaya zilitega paa na nguruwe. Kilichobaki, wanunuzi wa vyuma chakavu walipoanza kuzunguka vijijini miaka ya baadaye, wakakizoa. "Hata msumari hutaupata," alisema, na akaonekana kufurahia kuniokolea safari.

Nikamwambia sitafuti msumari. Nataka kusimama pale.

Ijumaa, mlimani

Kipkoech, mjukuu wa mzee, alitupitisha kwenye kituo cha msitu, tukaeleza safari yetu na kulipa, tukaanza kupanda saa moja na nusu asubuhi. Kwanza ni misonobari ya serikali iliyopandwa kwa mistari, kazi ya macho ya kuchosha. Halafu msitu wa asili: mitarakwa mikubwa, ambayo hapa huitwa tarakwet, na mizeituni ya mwituni iliyovaa ndevu za ukungu. Upupu ulimpata Wekesa mkononi, siafu wakanipata mimi miguuni. Kipkoech, aliyevaa buti za mpira na koti la shule, hakupatwa na chochote.

Mianzi ni kitu kingine. Ukiwa ndani yake huoni mbele zaidi ya hatua kumi, iliyoanguka inateleza, na kila unapoinama mgongo unamwagiwa maji. Tulikuwa na njia iliyokwisha kukanyagwa na watu na mifugo, na bado tulikwenda kama wagonjwa. Nilijaribu kufikiria kuteremka hapo na machela begani, njia unaikata mwenyewe, na mtu uliyembeba humjui jina. Sikuweza kufikiria mbali. Nilikuwa natafuta pa kukanyaga.

Saa tano tulitokea kwenye uwazi wa nyasi karibu na mgongo wa juu, kimo cha kama mita 3,000. Jua lilikuwa kali. Mashariki tuliona bonde lote: vilima vya Ravine, mwanga wa bati za mashamba, na mbali kabisa mstari wa buluu ambao Kipkoech alisema ni Menengai na mimi nikaona huenda ni Bahati. Magharibi ardhi iliporomoka kuelekea Kipkelion na Nyando. Ni mahali pazuri mno. Tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi.

Kipkoech alituonyesha mteremko wa upande wa mashariki, chini kidogo ya tuliposimama, ambako mianzi ni minene zaidi. Hapo ndipo babu wa baba yake, yule kibarua, alipowaonyesha watoto wake. Hakuna alama. Mianzi hufa na kuota upya, na sehemu iliyowahi kuungua haina tofauti na jirani yake. Nilichokiona, na ambacho kwangu kilitosha, ni kimo. Mteremko ule uko chini ya kilele kwa mita chache sana, labda urefu wa jengo la ghorofa kumi. Kwa ndege inayopanda, hizo ni sekunde chache. Aliyekuwa akiiendesha, kama mambo yalikwenda alivyosimulia mzee, alikuwa amekaribia kuvuka.

Saa saba kasorobo wingu lilianza. Halikutoka mbali. Lilizaliwa pale pale, vipande vyepesi vikitambaa juu ya mianzi kutoka upande wa ziwa, vikashikana. Hii ni kawaida ya kila siku Mau: asubuhi safi, joto linainua unyevu wa Ziwa Victoria na wa msitu, mchana upepo unausukuma juu ya ukuta, nao unaganda kuwa wingu na mvua. Mkulima yeyote wa Molo anakijua kipindi hicho na huanika pareto yake asubuhi. Kijana aliyetoka Uingereza au Australia au Afrika Kusini, aliyefika majuzi, alipewa ramani yenye vimo kwa futi na taarifa ya hali ya hewa iliyoandikwa alfajiri.

Ndani ya robo saa Menengai haikuwepo, Ravine haikuwepo, na Wekesa, aliyekuwa mbele yangu hatua ishirini, akawa sauti tu.

"Mwalimu, upande gani?"

Kipkoech akatuambia tusimame, tumngoje, tusigeuke geuke. Ni ushauri mzuri kwa mtu aliye na miguu ardhini.

Kushuka kulikuwa kurefu na sitakusimulia.

Jumamosi, kushuka Kisumu

Wenyeji walikataa kutuachia tuondoke bila kuku. Kuku huyo, hai, alisafiri nasi chini ya kiti hadi Kisumu na kumshinda Wekesa kwa kelele.

Tulipita Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni. Kila kona ya barabara ile inakuondolea nguo moja. Kutoka mita 2,300 za Londiani unateremka hadi Kisumu, mita 1,130, na harufu inabadilika kutoka kwa moshi wa mtarakwa hadi molasi ya viwanda vya sukari. Njia ya reli inakwenda sambamba nawe mara kwa mara. Ilifika Kisumu Desemba 1901, na miaka thelathini baadaye, 1931, ndege za Imperial Airways zikaanza kushusha barua na abiria hapo hapo. Kuanzia 1937 zilikuwa ndege kubwa za majini zilizotua ziwani na kuendelea hadi Durban. Kwa rubani aliyetoka Sudan, au aliyetoka kusini, Kisumu ilikuwa faraja: ardhi tambarare, maji mapana, hakuna ukuta upande wa ziwa.

Ndiyo sababu kisa cha Kisumu kinanisumbua kuliko cha Londiani.

Dan Pienaar alizaliwa 1893, Afrika Kusini. Vita vilipoanza alikuja Kenya akiongoza brigedi ya kwanza ya nchi yake. Tarehe 16 Desemba 1940 alishambulia El Wak, mpakani, pigano la kwanza la Waafrika Kusini katika vita vile. Akavuka mto Juba, akafika hadi milima ya Ethiopia, ambako Waitaliano walisalimu amri Amba Alagi, Mei 1941. Akahamishiwa Afrika Kaskazini. Mwaka 1942 alipewa divisheni nzima, akapambana na Rommel, akashiriki pigano la El Alamein, Misri. Kila mahali hapo palikuwa na watu waliolipwa kumwua.

Divisheni yake iliporudishwa nyumbani, naye alipanda ndege. Lockheed Lodestar, injini mbili, mali ya jeshi la anga la Afrika Kusini, moja ya zile zilizokuwa zikipeleka maofisa na barua kati ya Misri na Pretoria, zikilala njiani. Moja ya vituo ilikuwa Kisumu. Tarehe 19 Desemba 1942 ndege iliruka kutoka Kisumu, ikaanguka ziwani papo hapo. Pienaar na wenzake 11 walikufa wote. Miaka miwili na siku tatu tangu El Wak.

Hapakuwa na mlima wala Mjerumani.

Jumapili, ziwani

Dunga asubuhi ina watu wa aina mbili: wanaotoka na samaki na wanaotoka kanisani. Tulimpata mwenye boti, mtu wa makamo, tukamwamkua na kumweleza tunataka kuzunguka kwa maji hadi tuone upande wa uwanja wa ndege, kwa mbali, bila kusogelea mahali pasiporuhusiwa. Alitaja bei ya watalii. Wekesa akamwambia, "Jaduong', sisi ni watu wa Kaptembwa," jambo ambalo halikumgusa, lakini bei ilishuka kidogo.

Gugu maji lilikuwa limefunga sehemu ya ghuba, ikabidi tulizunguke. Alituonyesha kwa mkono: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, wavuvi wa omena wanaufuata kutoka. Kuanzia mchana unageuka, unatoka ziwani. Ndege huruka zikiukabili upepo, na kwa hiyo saa ya kuruka huamua utakuwa juu ya mji au juu ya maji. Ndege moja ya abiria ilinyanyuka tukiwa pale, ikapinda kuelekea Nairobi, na kelele zake zikaja baadaye.

Aliuliza tunatafuta nini hasa. Nikamweleza habari za jenerali.

"Walimpata?"

"Walipatikana."

"Alikuwa na dhahabu?"

"Hapana. Alikuwa anakwenda nyumbani, Krismasi ilikuwa imekaribia."

Alizima injini ili asikie vizuri. "Alikuwa ametoka wapi?"

"Misri. Kabla ya Misri, Ethiopia. Kabla ya hapo, El Wak."

"El Wak hii ya Mandera?"

"Hiyo hiyo."

"Mwanangu yuko El Wak," alisema. "Askari polisi. Mwaka wa pili sasa. Anasema huko ukiwa na maji ya kuoga umekuwa tajiri." Akatoa simu, akainua juu akitafuta mtandao, akakuta haupo, akairudisha mfukoni. "Nikifika nchi kavu nitamwuliza kama wanajua kwamba hapo kulipiganwa. Wewe umesema mwaka gani?"

"1940. Desemba, tarehe 16."

Alirudia tarehe hiyo mara mbili ili aishike, akavuta kamba ya injini, na kutuambia bei tuliyokubaliana ilikuwa ya kwenda tu.